Chunusi na ngozi nyeti: ondoa kwanza, ndipo uongeze

Maswali ya safari hii ni mengi. Yale ambayo jibu lake linaweza kuokoa uso wa msomaji mwingine pia nimeyapa nafasi, mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja. Waliotuma picha ya tyubu wanayopaka pamoja na picha ya uso wamenisaidia kuliko wote.

Shikamoo mtaalamu. Nina chunusi na ngozi yangu ni nyeti. Nipake nini?

Marahaba. Swali hili linarudi kila mara likiwa tupu namna hii, na likiwa tupu halijibiki. Niambie umri wako, chunusi zimekaa wapi, zinawasha au zinauma, una mimba au unatarajia kuipata, na kubwa kuliko yote, kila kitu kinachogusa uso wako tangu asubuhi mpaka unapolala. Ninaposema kila kitu nahesabu sabuni, mafuta ya nywele na ile krimu uliyopewa na shoga yako ambayo hutaki kuitaja. Andika orodha hiyo kwanza. Wengi wakimaliza kuiandika wanaliona jibu humo humo.

Kwa miezi saba nimetumia krimu niliyochanganyiwa dukani. Mwanzo chunusi zilikauka zote na uso ukang'aa. Sasa nikikaa siku tatu bila kupaka, uso unawaka moto na vipele vinatoka vingi kuliko vya awali. Ngozi yangu ni nyeti, au krimu imeisha nguvu?

Ngozi yako haikuzaliwa hivyo, dada. Imefanywa hivyo. Hizo ulizozieleza ni dalili za steroidi, na ndani ya mkorogo steroidi ndiyo iliyokufurahisha siku za mwanzo. Inazima uvimbe: chunusi inalala ndani ya siku mbili tatu, ngozi inapauka, uso unang'aa. Kile kilichoziba kinyweleo kiko palepale, na ngozi inazidi kuwa nyembamba wiki baada ya wiki. Vinywele laini vinaota mashavuni, mishipa midogo ya damu inaanza kuonekana, vipele vinazunguka mdomo na pua. Ukiacha kupaka, mishipa iliyokuwa imebanwa inafunguka kwa pamoja, na huo ndio moto unaousikia. Wengi wakiusikia wanadhani krimu ilikuwa ikiwasaidia, wanarudi dukani kununua kopo jingine.

Chukua tyubu zote ulizonazo, soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara. Ukikuta clobetasol, betamethasone, fluocinonide, mometasone au dexamethasone, hiyo ni steroidi. Clobetasol ni katika zile kali kabisa, na haina kazi yoyote kwenye chunusi. Ziogope pia tyubu za tatu kwa moja, zile zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja, zinazouzwa kama dawa ya kila kipele. Zikipakwa usoni zinageuza chunusi ya kawaida kuwa tatizo la mwaka mzima.

Kopo la mkorogo lenyewe halina maandishi ya kusoma, na ndiyo maana nalipiga vita. Linaweza kuwa na haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ambayo ikitumika muda mrefu huacha weusi wa kibluu usiofutika kirahisi. Linaweza kuwa na zebaki, ambayo hupenya ngozi, huharibu figo, na mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Tanzania imepiga marufuku vyote viwili katika vipodozi. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, nao uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni. Bado vinauzwa, kwa sababu tunavinunua bila kuuliza kilichomo.

Sasa la kufanya. Kama ulipaka uso peke yake, acha. Tarajia wiki mbili tatu ngumu, na uso unaweza kuchukua miezi kutulia. Moto ukikushinda, daktari wa ngozi anaweza kukushusha kwa ngazi, kwa haidrokotisoni, steroidi hafifu, ya siku chache, au akakupa vidonge vya kutuliza vipele. Lakini kama ulijipaka mwili mzima kwa miezi, usiache ghafla bila daktari. Steroidi nyingi hupenya mwilini na kuzilaza tezi zilizo juu ya figo, na ukikatisha ghafla unaweza kupata uchovu mkali, kizunguzungu na kutapika.

Katika muda huo uso unahitaji vitu viwili tu: kisafishio laini kisicho na harufu, mara moja jioni, na losheni au krimu nzito isiyo na harufu, asubuhi na jioni. Uso ukiwaka, lowesha kitambaa safi kwa maji baridi, kikamue, kiweke usoni dakika kumi. Dawa yoyote ya chunusi isubiri. Kipimo changu ni hiki: siku losheni ya kawaida itakapopakwa isichome hata kidogo, kwa wiki mbili mfululizo, ndipo ngozi iko tayari kwa dawa.

Dawa ya meno inakausha kipele?

Inaunguza ngozi inayokizunguka. Usipake.

Na ndimu?

Tindikali ya ndimu ni kali mno kwa uso, na ukienda juani ndimu ikiwa bado usoni unaweza kupata malengelenge, kisha doa la miezi. Nimelijibu hili mara nyingi, na jibu halijabadilika.

Nilinunua jeli ya benzoili peroksaidi 10% nikapaka uso mzima usiku. Siku ya tatu nikababuka. Je, nina mzio nayo?

Mzio wa kweli upo lakini ni wa wachache: unawasha sana, unavimba hadi kwenye kope. Wewe umeungua tu, kwa sababu umeanza na kali kuliko zote. Katika chunusi za kawaida 2.5% inafanya kazi karibu sawa na 10%, na haichomi sana kama hiyo. Kinachoongezeka kwa kupanda asilimia ni muwasho.

Pumzisha uso mpaka utulie. Kisha tafuta ya 2.5%, au 5% kama hiyo haipatikani. Paka tabaka jembamba kwenye uso mkavu, kaa dakika tano, suuza vizuri, paka losheni. Fanya hivyo jioni moja, ruka moja, kwa wiki mbili. Ikikubali, ongeza hadi dakika kumi, kisha kila jioni. Dawa hii huua bakteria wa chunusi hata ikikaa usoni muda mfupi namna hiyo, na kwa ngozi nyeti njia hii ndiyo ninayoipendelea kuliko kulala nayo.

Inatoa rangi nguo. Taulo, mto, ushungi, kola ya shati, vyote vitapata mabaka meupe ambayo hakuna sabuni itakayoyaondoa. Tumia taulo nyeupe na usuuze hadi mstari wa nywele na chini ya taya.

Na kwa kuwa nimeitaja: kama umeandikiwa losheni ya klindamaisini, ambayo ni antibayotiki, usiitumie peke yake. Bakteria wanaizoea. Iende pamoja na benzoili peroksaidi, na chunusi zikitulia, klindamaisini ndiyo ya kwanza kuachwa.

Nimepaka adapalini 0.1% wiki tatu. Chunusi zimeongezeka na ngozi inabanduka. Famasi wamenishauri niongeze seramu ya vitamini C na skrabu.

Usiongeze chochote. Chunusi unayoiona leo ilianza kuziba wiki nyingi zilizopita, na adapalini inazuia zile ambazo hazijatokea. Hukumu yake ni wiki ya 8 hadi ya 12, na vipele kuongezeka kidogo katika wiki za mwanzo ni jambo la kawaida.

Kubanduka ndiko kunakoweza kurekebishwa, na kwa kawaida kosa liko kwenye kiasi. Uso mzima unahitaji punje moja ya mbaazi: tone paji la uso, tone kila shavu, tone kidevuni, chembe puani, kisha unasambaza. Anayepaka mstari mrefu kama wa dawa ya meno ataungua, na chunusi hazitaondoka mapema zaidi. Tena usipake kwenye kipele kimoja kimoja, paka eneo lote linalotoa chunusi.

Nawa, jifute, subiri dakika 20 uso ukauke kabisa, maana ngozi yenye unyevu huchomeka zaidi. Paka losheni, kisha adapalini, kisha losheni tena. Pembe za pua, za mdomo na chini ya macho ziwekee mafuta mazito ya mgando kabla ya dawa, kwa sababu huko ndiko hupasuka kwanza. Anza usiku mbili kwa wiki, baada ya wiki tatu ziwe tatu. Kubanduka kama unga ni sawa. Uso ukivimba, ukitoa majimaji au ukichoma usiku kucha, acha mpaka upone.

Wanaotumia tretinoini badala ya adapalini wasiipake pamoja na benzoili peroksaidi, kwa kuwa benzoili peroksaidi huiharibu. Benzoili peroksaidi asubuhi, tretinoini usiku.

Skrabu mpe mwenye visigino vigumu. Dodoki pia. Chunusi haitokani na uchafu, na kuisugua kunaipasulia ndani.

Je, nikioa zitaisha? Na karanga niache?

Ndoa haitibu chunusi. Karanga kula. Ukitaka kujaribu kupunguza chakula, anza na soda, sukari, na zile poda za protini za maziwa wanazokunywa vijana wa gym.

Nina vipele vidogo vidogo vinavyofanana, paji la uso na kifuani, vinawasha hasa nikitoka jasho. Nilimeza antibayotiki vikazidi.

Kaka, swali lako ndivyo swali linavyopaswa kuandikwa. Vipele vya ukubwa mmoja, vinawasha, viko hadi kifuani na vimeongezeka kwa antibayotiki: hapo nafikiria fangasi wa vinyweleo kabla ya chunusi. Fangasi huyo anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, hupenda joto, jasho na mafuta, na antibayotiki inapowaondoa bakteria anabaki na shamba peke yake. Kwa joto la Tanga au Mombasa ni tatizo la kawaida kabisa.

Chukua shampuu ya ketokonazoli 2%, dawa ya fangasi, ipake kama povu kwenye paji na kifua, ikae dakika tatu hadi tano, suuza. Mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne. Acha mafuta ya nazi usoni kwa muda huo, na jasho ulioge mapema. Kama baada ya wiki nne hakuna nafuu, nenda uonwe.

Ila kama vipele haviwashi, vina vichwa vyeusi na vimejipanga kwenye mstari wa nywele, mshukiwa ni mafuta ya nywele. Paka kwenye nywele, yasiteremke, na funga kichwa usiku kwa kitambaa unachokifua.

Naendesha bodaboda, chunusi ni kidevuni tu, pale mkanda wa helmeti unapopita.

Mkanda ndio sababu: joto, msuguano na jasho la jana. Ufue kwa sabuni mara mbili kwa wiki, uukaushe juani. Helmeti ya abiria nayo isafishwe. Usiache kuivaa.

Chunusi za taya huja kila nikikaribia hedhi, na zimezidi tangu nichome sindano ya uzazi ya miezi mitatu. Je, niache?

Sindano hiyo na kijiti vina homoni ya aina moja tu, na kwa baadhi ya wanawake huongeza chunusi. Vidonge vyenye homoni mbili kwa wengi huzipunguza, ila havimfai kila mtu, hasa mwenye presha, anayevuta sigara au mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli. Usiache sindano kabla hujakaa na mhudumu wa uzazi wa mpango mkachagua njia nyingine. Na kama hedhi yako hupotea miezi na ndevu zinaota kidevuni, omba upimwe homoni. Hapo krimu peke yake haitatosha.

Nina mimba ya miezi minne. Nilikuwa napaka adapalini.

Acha leo, usiogope kwa uliyokwisha kupaka, na umwambie mhudumu wa kliniki. Asidi ya azelaiki, 15% hadi 20%, inafaa katika mimba, inatuliza chunusi na inafifisha madoa. Huchonyota dakika chache mwanzoni, kisha huacha. Vidonge vya doksisaiklini, antibayotiki ya chunusi, usivitumie. Na kwa wote wanaoagiza mtandaoni isotretinoini, vidonge vya chunusi kali: dawa hiyo hulemaza mtoto tumboni, inahitaji vipimo vya ini na mafuta ya damu, na mwanamke hapaswi kuimeza bila kinga ya uhakika ya mimba na daktari anayemfuatilia.

Harusi yangu ni Jumamosi ijayo. Nina jipu moja kubwa shavuni, na mashangazi wanataka nisingwe uso kwa singo. Nifanye nini?

Hongera, mwanangu. Jipu usilitumbue, lililo ndani namna hiyo likiminywa hupasukia chini na kuacha kovu. Weka kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika kumi, mara tatu kwa siku. Na kabla ya Jumatano muone daktari wa ngozi: anaweza kulichoma steroidi kidogo sana ndani yake, likanywea kwa siku mbili tatu. Hiyo ndiyo kazi halali ya steroidi kwenye chunusi, sindano moja kwenye uvimbe mmoja, mkononi mwa anayejua kipimo.

Usianze kipodozi kipya wiki hii. Mpambaji akujaribishie poda zake nyuma ya taya leo, si asubuhi ya harusi. Mashangazi usiwanyime singo yao, ila waambie iishie shingoni: karafuu na kusuguliwa kwenye uso wenye chunusi vitakuamsha Jumamosi na uso uliovimba. Liwa nayo, kama ina manukato ya dukani, ipakwe mikononi na miguuni.