Muulize Wakili: Nilisukumwa Nikamgonga wa Mbele, Nimlipe?

SWALI: Shikamoo wakili. Gari langu lilikuwa la pili katika msururu wa magari manne. La mbele lilisimama ghafla, nami nikakanyaga breki nikasimama bila kuligusa. Mara kishindo nyuma: pikapu imenivaa, ikanisukuma hadi nikaligonga lile la mbele. Kabla sijashusha pumzi nikasikia kishindo kingine nyuma zaidi, teksi imeivamia pikapu. Sasa mwenye gari la mbele ananidai mimi matengenezo yote, eti bampa langu ndilo lililomgonga. Wa pikapu anasema alikuwa amesimama, teksi ndiyo iliyomsukuma. Askari wa trafiki ameandika tu kwamba nimegonga gari la mbele. Nilipe?
Wa Katikati

JIBU: Marahaba. Usilipe, na usisaini karatasi yoyote ya "tuyamalize wenyewe" kabla kampuni yako ya bima haijapata taarifa.

Kwamba gari lako lililigusa la mbele, hakuna anayebisha. Lakini kugonga ni jambo moja na uzembe ni jingine. Anayedai fidia anatakiwa kuonyesha kwamba hukuendesha kwa uangalifu unaotarajiwa kwa dereva makini, na kwamba uzembe huo ndio uliomtia hasara. Ile kauli ya barabarani kwamba wa nyuma ndiye mwenye kosa ina msingi wake: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde, na anayemganda mwenzake hapati hata muda wa kuhamisha mguu. Ila kwenye msururu karibu kila mmoja ni wa nyuma kwa mwenzake. Hapo kinachoamua ni kishindo kipi kilitangulia.

Mimi humwanza dereva wa mbele kwa swali fupi: ulisikia vishindo vingapi mgongoni kwako? Akisema kimoja, maelezo yako yanasimama, maana ulisukumwa ukamfikia mara moja. Akisema viwili, jiandae kujieleza. Huenda ulimgonga mwenyewe kwanza, kisha pikapu ikakusukumia kwake tena. Muulize, au wakili wako amuulize, kabla hajapata mtu wa kumfundisha jibu.

Kuhusu pikapu, nenda kaangalie nyuma ya gari lako kabla fundi hajanyoosha bodi. Gari linalofungiwa breki kali huinamisha pua. Kama michubuko iliyoacha kwako iko chini kidogo ya kimo cha bampa lake likiwa limetulia, hiyo ni dalili kwamba ilikufikia ikiwa bado inakimbia na breki zimekanyagwa, na hadithi ya kusimama kisha kusukumwa inapwaya. Pima kwa futi ya fundi, piga picha futi ikionekana. Pia magari mengi ya kisasa yenye mifuko ya hewa huhifadhi mwendo na matumizi ya breki ya sekunde chache kabla ya mgongano. Omba kwa maandishi kumbukumbu hizo zisifutwe, kwa sababu magari yakishauzwa chuma chakavu utabaki na maneno matupu.

Ripoti ya trafiki isikutishe. Askari alikuta magari yameshabanana, na aliandika alichokikuta. Ni ushahidi kama ushahidi mwingine, na mwenye kuamua nani alipe ni mahakama. Chukua nakala pamoja na ramani ya ajali.

Mwisho wa yote hakimu anaweza kugawa lawama kwa asilimia. Teksi ikithibitika ilifika baada ya wewe kugongwa, hasara ya kwanza haiihusu. Itabeba ile iliyoiongeza yenyewe. Wa mbele naye, kama alisimama bila sababu au taa zake za breki zilikuwa zimekufa, ana fungu lake. Na wewe usijione malaika: utaulizwa ulisimama umbali gani nyuma yake, na ukijibu "karibu karibu" unaweza kukatwa kidogo. Huko Uingereza, kabla ya sheria ya mwaka 1945, mdai aliyechangia uzembe angeweza kukosa fidia yote. Majimbo machache ya Marekani, kama Maryland na Virginia, bado yanashikilia msimamo huo mkali. Kwa hiyo uliza kwanza sheria ya mahali ajali ilipotokea inasemaje, ndipo upige hesabu.

SWALI: Niligongwa nikiwa abiria, sikuwa nimefunga mkanda. Bima inasema sina changu. Ni kweli?
Abiria

JIBU: Mkanda haukusababisha ajali, umehusika na majeraha tu. Katika kesi ya Froom dhidi ya Butcher, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliweka kipimo ambacho bado kinatumika huko: fidia hupunguzwa asilimia 25 kama mkanda ungezuia majeraha kabisa, asilimia 15 kama ungeyapunguza kwa kiasi kikubwa, na haipunguzwi kama usingesaidia. Nchi nyingine zina vipimo vyao. Waandikie bima wakutajie kwa maandishi kifungu wanachokitegemea, na mwombe daktari aeleze ni jeraha lipi ambalo mkanda ungelizuia.