Krismasi kituoni: tupeleke nini?

SWALI: Shikamoo Mama. Sisi wanakwaya 12 tunataka kula Krismasi na watoto wa kituo cha kanisa kijijini huku Njombe. Tupeleke pipi na nguo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilipika kituoni miaka tisa: Desemba pipi hadi chini ya vitanda, Januari hatuna mafuta ya kula. Bebeni mchele, mafuta, sabuni na madaftari, maana shule zinafunguliwa Januari. Nguo? Mwulizeni mlezi saizi kwanza. Kuna mtoto aliletewa viatu, vyote vya kushoto; akavivaa hivyo hivyo mpaka ibada ikaisha! Tarehe 25 wahini asubuhi, mkachambue mchele wa pilau pamoja na wale wakubwa. Stori zote ziko hapo. Na simu zenu za picha zikae mfukoni.