Divya Deshmukh hakubahatisha

Ndugu, umeuliza kama Divya Deshmukh, mchezaji wa sataranji (chesi) wa India, alipewa tu cheo cha grandmasta, kile cha juu kabisa katika mchezo huo. Hapana, alikipigania. Kanuni inasema bingwa wa Kombe la Dunia la wanawake anapata cheo hicho moja kwa moja, na alilitwaa Batumi, Georgia, Julai 2025, akiwa na miaka 19. Njiani aliwatoa wachezaji wakali Zhu Jiner, Harika Dronavalli na Tan Zhongyi. Hao si watu wa kubahatisha nao!

Fainali alikutana na Mhindi mwenzake Koneru Humpy, aliyekuwa grandmasta tangu 2002, kabla Divya hajazaliwa. Michezo miwili ya kawaida ilikwisha sare, wakaingia ya haraka, yenye muda mfupi wa kufikiri. Wa kwanza sare tena, wa pili Divya akashinda kwa kete nyeusi. Baadaye alimkumbatia mama yake huku analia. Mimi pale nilishindwa kujizuia.

Na kabla ya hapo, 2024, alikuwa bingwa wa dunia wa wasichana chini ya miaka 20, kisha akachukua dhahabu mbili kwenye Olimpiadi ya sataranji Budapest: ya timu na ya kwake binafsi.