Kibao kwanza, ndipo picha

Nina picha ya fundi baiskeli ameinama chini ya mwarobaini, spoku moja ameibana mdomoni. Nyuma yake kuna duka lenye maandishi makubwa ya bluu: SINGIDA. Miezi kadhaa picha hiyo ilikaa kwenye faili la Singida. Kumbe niliipiga Majengo, hapa hapa Dodoma mjini. Wa Singida ni mwenye duka.

Kwa hiyo nyie mnaoanza kupiga picha, msidanganywe na jina la duka. Mtu akihama huja na kwao, akapaandika ukutani. Ubavuni mwa basi utasoma linakokwenda, si lilipo. Namba za magari zinazoanza na T nazo hazitaji mkoa. Mimi naamini kibao cha shule ya msingi, zahanati au ofisi ya serikali ya mtaa. Tena tangu kazi ya anwani za makazi ya 2022, mitaa mingi ina nguzo yenye jina la barabara. Ipige hiyo kwanza, hata ikitoka imepinda, ndipo ugeukie kilichokushusha kwenye gari.

Kwenye simu washa lokesheni. Ukibeba kamera isiyo na GPS, kila unaposhuka piga picha moja kwa simu ikutunzie mahali, na hakikisha saa za vyombo vyote viwili zinalingana. Usiku ukijitumia picha kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida, taarifa za mahali zinafutika. Hilo lilinigharimu safari nzima ya Kondoa, na sitaki hata kulisimulia.

Ukiwa umeshachelewa, soma kivuli. Dodoma iko nyuzi kama 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni wakati wa adhuhuri jua liko kaskazini na vivuli vinalalia kusini. Desemba ni kinyume. Adhuhuri yenyewe msiihesabu saa sita kamili. Kwa Dodoma mwezi wa Juni jua hufika juu kabisa karibu saa sita na dakika arobaini. Picha ya fundi ilikuwa ya Juni, saa hizo hizo, na kivuli cha nguzo ya umeme kimenyooka kuelekea dukani. Basi duka liko upande wa kusini wa barabara. Ule mtaa wa Singida niliokuwa naudhania, maduka yote yako kaskazini. Hapo ndipo nilipoanza kujitilia shaka.

Kivuli kilinikatalia Singida tu. Majengo nilionyeshwa na kijana wa bodaboda. Hakutazama duka wala fundi. Aliikuza picha pembeni, kwenye mtaro: "Si Majengo hapa? Mimi nilidumbukia humu na abiria." Waonyesheni bodaboda picha zenu. Wanaijua mitaa kwa mashimo yake.

Nilikwenda. Mwarobaini umeshakatwa, kimebaki kisiki, na fundi amekikalia. Nikamwamkia kwa Kigogo, "mbukwenyi", akaitika, akaishika simu akaitazama picha kwa muda.

"Siku ile mbona hukusalimia?"

Sikuwa na jibu. Nilimpelekea nakala wiki iliyofuata, akaibandika ndani ya mfuniko wa boksi lake la spana.