Namba Kubwa Haivamiwi

Watu wengi wakipewa namba ndefu watafute vigawo vyake tasa, hushika kikokotoo na kuanza: gawanya kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, mpaka wachoke. Njia yenyewe si mbaya, ila wanaipita wakiwa wamefumba macho. Kwa miaka ambayo nimecheza na namba hizi, kilichoniokolea muda mwingi kuliko vyote ni hiki: kila ukipata kigawo, kitoe kabisa, yaani gawanya nacho mpaka kisiingie tena, halafu pima upya umbali uliobaki.

Chukua 987,654,321. Kipeuo chake cha pili ni 31,426 na ushei. Vigawo huja wawiliwawili, na kile kidogo hakivuki kipeuo, kwa hiyo hapo ndipo mwisho wa msako. Jumla ya tarakimu ni 45, basi namba inagawanyika kwa 9. Inabaki 109,739,369, ambayo tarakimu zake zina jumla ya 47. 3 haina kazi tena. Kipeuo kimeshuka hadi 10,475.

Kwa 7, 11 na 13 usihangaike kugawanya mara tatu. Ukizizidisha zote unapata 1,001, na hapo ndipo inapotoka njia ya mkato: kata namba katika makundi ya tarakimu tatutatu, jumlisha moja, toa linalofuata. Hapa 109 na 369 ni 478. Ukiitoa kwenye 739 inabaki 261. Hiyo 261 haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13, basi na namba yetu vilevile. Tatu zimeondoka kwa hesabu moja ya kichwani! Nashangaa mbinu hii haitajwi zaidi.

17 inaingia: 6,455,257. Wengi hapa hukimbilia 19. Subiri, jaribu 17 tena. Inaingia, inabaki 379,721, na kipeuo sasa ni 616 tu. Pitia namba tasa zilizobaki hadi 613; hakuna inayoingia, kwa hiyo 379,721 yenyewe ni tasa. Jibu ni 3² × 17² × 379,721. Ukitaka idadi ya vigawo vyote, ongeza 1 kwenye kila kipeo kisha zidisha: 3 × 3 × 2, yaani 18.

Zipo namba zisizo na kigawo kidogo hata kimoja. Mwaka 1874 Mwingereza William Stanley Jevons alitoa 8,616,460,799, akidhani si rahisi mtu mwingine ajue ni zipi mbili zilizozidishwa. Kwa kugawanya utapitia maelfu ya namba tasa. Tumia njia ya mwanahisabati Mfaransa Fermat: anza juu kidogo ya kipeuo, yaani 92,825, izidishe kwa yenyewe, toa namba ya Jevons, utazame kama kilichobaki ni mraba kamili. Kinabaki 19,826, hapana. Panda mojamoja. Ukifika 92,880 kinabaki 10,233,601, ambayo ni 3,199 × 3,199. Sasa toa 3,199 kwenye 92,880, kisha ijumlishe: 89,681 na 96,079. Hatua hamsini na kitu, basi. Njia hii hufaa vigawo viwili vinapokaribiana, ndiyo maana wanaotengeneza funguo za siri za RSA, mfumo wa kuficha ujumbe unaotegemea namba tasa mbili kubwa zilizozidishwa, huepuka namba tasa zilizokaribiana mno.

Jambo jingine: kujua kwamba namba si tasa hakukupi vigawo vyake. Mwanahisabati Édouard Lucas alithibitisha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja. Mwanahisabati mwingine, Frank Nelson Cole, ndiye aliyevitoa mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kwa hiyo namba ikiwa ndefu kupindukia, mimi huiuliza kompyuta kwanza kama ni tasa. Jibu hilo huja upesi hata kwa tarakimu mia kadhaa. Ikisema ni tasa, kazi imekwisha. Ikisema si tasa, jiandae: namba ya tarakimu 129 iliyotolewa kama changamoto ya RSA mwaka 1977 ilipatiwa vigawo vyake mwaka 1994, tena kwa kompyuta nyingi zilizogawana kazi kupitia intaneti.