Jibu: Utando wa polima kwa gesi ya samadi

Wa alaykum salaam sheikh. Umeuliza kama utando wa polima (ngozi nyembamba ya plastiki ya kutenganisha gesi) utaupa nguvu moto wa mtambo wako wa samadi hapo Wete.

Utando huo si chekecheo, ingawa wengi (nami zamani) huudhania hivyo. Hauna matundu ya kupitisha gesi. Gesi huyeyuka ndani ya polima, kisha hupenya polepole hadi upande wa pili. Hewa ya ukaa huyeyuka vizuri zaidi, na molekuli yake ni nyembamba kuliko ya metheni, basi hutangulia kutoka, metheni, ndiyo inayowaka, ikabaki. Ila polima inayopitisha haraka huchagua vibaya. Mtafiti Lloyd Robeson aliuchora mpaka huo, wa kasi dhidi ya uchaguzi, mwaka 1991, akaurekebisha 2008.

Kinachosukuma gesi ni tofauti ya mgandamizo, maana yake kompresa (mashine ya kugandamiza gesi), na umeme wake utakula faida yote. Kwa jiko la nyumbani sikushauri. Gesi yenye metheni asilimia 60 hivi inapika bila taabu. Kwanza toa maji yaliyotuama bombani, halafu tazama tundu la jiko: la gesi ya mtungi ni dogo mno kwa gesi hii. Harufu ya yai viza je? Ipitishe gesi kwenye mabaki ya chuma yenye kutu, na usiivute, ni sumu.