Vespa ya babu imeganda? Acha kiki kwanza

Mdogo wangu wa Moshi, unasema Vespa ya marehemu babu, skuta ya miaka ya 1960, imekaa stoo muda mrefu na kiki haishuki. Usiilazimishe. Fungua plagi, mimina dizeli kidogo kwenye silinda, iache siku kadhaa, kisha zungusha ile feni ya magneti (gurudumu lenye mapezi pembeni mwa injini) kwa mkono, mbele na nyuma. Ikilegea usifurahie mapema: toa silinda uitazame. Mikwaruzo inayonasa kucha ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuchonga, si ya msasa.

Sili za kranki, yaani mipira inayoziba pembeni mwa shafti ya injini, badilisha tu. Mpira wa zamani hukakamaa, injini ikavuta hewa pembeni, ikachemka, pistoni ikakwama tena.

Rimu ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Toa upepo wote kabla ya kushika spana, la sivyo vitakurukia usoni. Tangi lililobeba petroli usilichomelee mwenyewe hata likionekana kavu.

Oili ya kuchanganya na petroli hutegemea toleo: nyingine asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita, nyingine asilimia 5.

Na kadi ya usajili bado ina jina la babu? Shughulikia TRA (mamlaka ya mapato) kabla hujanunua rangi.